Majibu kwa Wasomaji: Uzito wa Ngumi Hutoka Wapi?

Tangu tulipochapisha makala kuhusu vijana wanaojifunza ndondi katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, barua zimeingia kwa wingi. Nimechagua zile zinazouliza jinsi mwili unavyotoa pigo na jinsi unavyolipokea, kwa sababu mambo hayo mawili hayatenganishiki: kanuni ileile inayompa bondia ngumi nzito ndiyo inayoumiza ubongo wa mwenzake. Majina ya waandishi wa barua tumeyaacha, tukabakiza mahali wanapoishi.

Mwalimu, nina miaka 22, ninaishi Katuba. Nanyanyua vyuma kila jioni na mikono yangu imejaa. Lakini nina rafiki mwembamba, uzito nimemzidi, ambaye akipiga gunia linaruka. Mimi nikilipiga linatikisika tu. Kocha wetu anasema sina miguu. Anamaanisha nini?

Mdogo wangu, kocha wako ameliona tatizo mahali lilipo. Ngumi hufikishwa na mkono, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake huanzia pale unyayo unapokandamiza sakafu. Unapousukuma mguu wa nyuma chini, sakafu nayo hukusukuma wewe kwa kani iliyo sawa na kuelekea upande wa pili. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, na bila hiyo ngumi nzito haiwezekani, kwa kuwa mtu aliyening'inia hewani hana cha kuegemea. Kani hiyo hupanda kupitia goti hadi kwenye nyonga, nyonga huzunguka, kiwiliwili hufuata, bega husogea mbele, na mwisho kabisa kiwiko hunyooka. Kila kiungo hushika kasi wakati kile cha chini yake kimekaribia kilele chake. Kisha kile cha chini hupunguza mwendo na kukiachia cha juu kiendelee, ndiyo maana ngumi, iliyo nyepesi kuliko viungo vyote vilivyotangulia, hufika mwisho ikiwa na mwendokasi mkubwa kuliko vyote. Ukianza kuurusha mkono kabla nyonga haijazunguka, umetumia mkono peke yake, hata kama kwa macho ya watazamaji mwili wote unaonekana kucheza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 mtafiti Filimonov na wenzake wa Umoja wa Kisovieti walichapisha vipimo vya mabondia 120 wa viwango mbalimbali. Kwa mabondia wa daraja la juu kabisa, msukumo wa mguu ulichangia takribani asilimia 38 ya ngumi iliyonyooka, mzunguko wa kiwiliwili asilimia 37, na kunyoosha mkono asilimia 24 tu. Kwa mabondia wa madaraja ya chini mambo yalikuwa kinyume: mguu ulichangia takribani asilimia 17, na mkono ukabeba asilimia 38. Rafiki yako mwembamba yuko katika kundi la kwanza, wewe bado uko katika la pili, na vyuma unavyonyanyua kwa mikono havitakuhamisha huko ulipo.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo barua yako inazigusa bila kuzitaja. Ya kwanza ni tungamo, yaani kiasi cha uzito wa mwili, linalofika pamoja na ngumi. Kiganja cha mtu mwenye kilo 75 hakifiki hata nusu kilo, na mkono mzima kuanzia bega una takribani kilo 3.7. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipowapima mabondia saba wa Olimpiki wakipiga sanamu ya kichwa, waligundua kwamba ngumi zao zilifanya kazi kana kwamba zina tungamo la kilo 2.9 kwa wastani, yaani mara nyingi zaidi ya kiganja chenyewe. Mabondia wazito waliwazidi wepesi kwa kani hasa kwa sababu ya tungamo hilo. Tungamo hilo hupatikana pale tu kifundo cha mkono, kiwiko na bega vinapokuwa imara katika mstari mmoja wakati wa kugusa. Kifundo kikilegea au kiwiko kikiwa kimetokeza pembeni, mwili unabaki nyuma na kiganja kinafika peke yake.

Ya pili ni wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza, na hapa ndipo vijana wengi wenye misuli mikubwa wanapopotea. Msuli unaokazwa hutoa kani, lakini pia hukifanya kiungo kiwe kigumu, na kiungo kigumu hakiendi kasi. Anayeanza kupiga huku amekaza bega, misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono kwa pamoja anajifungia breki mwenyewe. Mwaka 2010 Stuart McGill na wenzake nchini Canada walipima misuli ya wapiganaji stadi wa mapigano mseto (MMA), wakaona kwamba misuli mingi ya kiwiliwili hukazwa mara mbili: mara ya kwanza pigo linapoanza, kisha hulegea pigo likiwa njiani, halafu hukazwa tena linapogusa. Huko kulegea kwa katikati ndiko kunakozaa kasi, na kule kukaza kwa mwisho ndiko kunakoleta tungamo la mwili.

Nakushauri ufanye jaribio moja. Wakati huu wa kiangazi vumbi jekundu huingia katika kila ukumbi wa mji wetu na kutanda juu ya saruji. Usilifagie kabla ya mazoezi. Piga gunia ngumi chache za mkono wa nyuma, kisha ondoka mahali hapo na utazame alama uliyoiacha. Anayezungusha nyonga huacha alama ya tao fupi palipokuwa na sehemu ya mbele ya wayo, kwa kuwa kisigino kimenyanyuka na kugeuka kuelekea nje. Asiyezungusha huacha unyayo mzima uliotulia, kisigino na vyote. Mwombe rafiki yako naye apige palepale, mlinganishe alama zenu. Tazama pia mguu wa mbele: alama yake isiteleze. Kazi yake ni kusimamisha mwili unaokuja, ili mwendo wa nyonga uhamie juu badala ya kuendelea mbele, na vumbi lililo jingi likikutelezesha, basi sasa lifagie, maana bila msuguano sakafu haiwezi kukurudishia chochote.

Vyuma usiviache, lakini vihamishie miguuni: kuchuchumaa na mzigo mabegani, kuruka, kurusha mpira mzito ukutani kwa kuzungusha kiwiliwili. Na umbali uupime upya. Mkono hupunguza mwendo wenyewe unapokaribia kunyooka kabisa ili kiwiko kisiumie, kwa hiyo anayeligusa gunia mkono ukiwa umeshanyooka anagusa kwa mabaki ya kasi. Sogea hatua ndogo mbele, ulifikie kiwiko kikiwa bado kimekunjwa kidogo, na lengo lako liwe ndani ya gunia, si kwenye ngozi yake.

Mimi ni dereva, naishi Kolwezi. Katika simu zetu kunazunguka habari kwamba ngumi ya Francis Ngannou ni sawa na kugongwa na gari. Ni kweli?

Si kweli, kaka, ingawa ngumi ya Ngannou, mpiganaji wa mapigano mseto kutoka Cameroon, ni nzito sana, kama mpinzani wake Alistair Overeem alivyoshuhudia Desemba 2017 alipoangushwa katika raundi ya kwanza. Namba inayotajwa, 129,161, ilitoka kwenye mashine ya maonyesho yenye kipimo chake chenyewe. Si nyutoni, kipimo cha kani, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa na vipimo vya maabara. Vya maabara ni hivi: bondia mmoja wa uzito wa juu aliyepimwa Uingereza mwaka 1985 alitoa nyutoni 4,096, ngumi ikienda mita 8.9 kwa sekunde. Wale wa Olimpiki niliowataja walitoa wastani wa nyutoni 3,427 kwa mwendokasi wa mita 9.1 kwa sekunde. Nyutoni 3,427 ni sawa na uzito wa kilo 350 hivi, lakini hudumu kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde moja.

Wewe ni dereva, basi tufanye hesabu pamoja. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mwendokasi mara mwendokasi tena. Kilo 2.9 zinazokwenda mita 9.1 kwa sekunde zina takribani juli 120 (juli ni kipimo cha nishati). Gari dogo la kilo 1,000 linalotambaa kwa kilomita 10 tu kwa saa lina juli 3,800 na zaidi, yaani zaidi ya mara 30. Hata ukimpa Ngannou mara mbili au mara tatu ya mabondia wale, bado gari liko mbali. Hatari ya ngumi ni kwamba inalenga eneo dogo la mwili, na eneo hilo mara nyingi ni kichwa.

Mwalimu, mwanangu ana miaka 13. Ameanza ndondi katika ukumbi ulio karibu na kwetu, Ruashi. Ananiambia nisiogope kwa sababu wanavaa glavu nene na kofia ya kukinga kichwa. Jumamosi alirudi akisema kichwa kinamuuma. Je, vifaa hivyo vinatosha?

Mama, havitoshi, na nitaeleza kwa urefu kwa kuwa hili ndilo zito kuliko yote katika barua za mwezi huu. Lakini kwanza tuanze na Jumamosi. Maumivu ya kichwa baada ya kupigwa kichwani yasichukuliwe kuwa uchovu. Mwanao asimamishe mazoezi na aonwe na daktari kabla ya kurudi, hata kama leo anasema amepona. Akitapika, akisinzia kuliko kawaida, akichanganyikiwa, maumivu yakizidi, au mboni za macho yake zikitofautiana ukubwa, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Sasa sababu. Ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Fuvu likisukumwa moja kwa moja kwenda nyuma, ubongo hufuata pamoja nalo kwa kiasi fulani. Fuvu likizungushwa ghafla, ubongo huchelewa, tabaka zake husuguana na kuvutana, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake hunyooshwa kupita kiasi. Mwanafizikia wa Oxford, Holbourn, aliyaeleza haya mwaka 1943 kwa kutumia vielelezo vya jelatini, na utafiti uliofuata umezidi kuonyesha kwamba mzunguko wa kichwa ndio unaomzimisha mtu kuliko msukumo ulionyooka. Ndiyo maana mabondia hulenga kidevu. Mlango ukiusukuma karibu na bawaba hautikisiki kwa urahisi, ukiusukuma kwenye ukingo wake wa mbali unafunguka kwa kidole kimoja. Kidevu ndicho ukingo wa mbali wa kichwa, na shingo ndiyo bawaba. Kroshe, ile ngumi inayopinda kutoka pembeni, ikikigusa kidevu hata bila uzito mkubwa, hukizungusha kichwa kwa mchapuko ambao ngumi nzito zaidi ya paji la uso haiwezi kuuleta.

Glavu hufanya nini hapa? Glavu hurefusha muda wa kugusa, kwa hiyo kilele cha kani hupungua, mifupa ya uso hupona na ngozi haichaniki. Lakini momenta, yaani tungamo mara mwendokasi, inayohamia kichwani haipungui, maana glavu haiondoi mwendo wala tungamo. Badala yake inaongeza tungamo lake yenyewe, gramu 284 kwa glavu ya aunsi 10, gramu 450 hivi kwa ile ya aunsi 16. Kichwa bado kitazunguka. Tena kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa ndondi hawapendi kulisikia: glavu humlinda kwanza anayepiga. Fuvu ni gumu kuliko mifupa ya kiganja, na mtu anayepigana mikono mitupu huogopa kulipiga kwa nguvu mara nyingi. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilipolazimisha glavu, ziliuondoa woga huo, na kichwa kikawa shabaha ya kila raundi. Kufikia mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, alikuwa tayari ameandika kuhusu mabondia wanaopepesuka na kupoteza kumbukumbu baada ya miaka ya kupigwa.

Kofia nayo hukinga nyusi zisipasuke, masikio yasivimbe, na fuvu lisiumie mtu akiangukia sakafu. Haizuii mzunguko, na inamwongezea kichwa upana wa kupigwa huku ikimzibia sehemu ya kuona pembeni. Mwaka 2013 shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa liliiondoa kwa wanaume wakubwa, na katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016 walipigana bila hiyo. Kwa vijana imebaki, na ibaki, lakini isimpe mzazi usingizi ambao haistahili kumpa.

Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Canada vilitoa tamko la pamoja la kupinga watoto na vijana kushiriki ndondi. Mimi nimefundisha miaka mingi na naupenda mchezo huu, na ninakubaliana nao kuhusu kichwa cha mtoto. Mwanao anaweza kuruka kamba, kujifunza hatua za miguu, kupiga gunia na pedi za kocha, kukwepa, na kucheza na mwenzake kwa kugusana mabega na tumbo kwa upole. Ufundi wote nilioueleza katika jibu la kwanza unajengwa huko, bila ngumi hata moja ya kichwani. Nenda ukumbini, Mama, ukamwambie kocha hivyo ana kwa ana. Kocha anayejua kazi yake hatakasirika. Akikujibu kwamba kichwa cha mtoto huzoea kupigwa, mtoe mwanao siku hiyohiyo, kwa sababu msuli huzoea, mfupa huzoea kwa kiasi chake, lakini ubongo hauzoei.

Mimi ni mzee wa Kamalondo, nimeshuhudia mengi. Vijana hapa wanabishana: Foreman alipiga kwa nguvu kuliko Ali, kila mtu alijua. Basi Ali alimwangushaje pale Kinshasa? Na je, vijana wa mji huu wanamjua Kalambay?

Baba, nashukuru kwa kulikumbusha jina la Kalambay, nitamfikia. Usiku ule wa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël, George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na miaka 25 na hakuwa ameshindwa katika mapambano 40, wakati Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Pambano lilianza mnamo saa kumi alfajiri, katika joto na unyevu. Foreman alipiga kwa mikono inayotoka mbali na kuzunguka. Ngumi ya namna hiyo ina njia ndefu ya kukusanya kasi, lakini hiyo njia ndefu ina gharama zake: mpinzani anaiona mapema, na ikikosa, mwili mzima wa mpigaji unalazimika kuusimamisha mkono uliokosa, kazi inayochosha sana. Ali alijilaza kwenye kamba, akakirudisha kichwa nyuma nje ya upeo wa ngumi, akaziacha nyingi zimfikie mikononi. Kamba zilizolegea zikaurefusha muda wa kila pigo na kupunguza kilele chake. Simwambii kijana yeyote amwige, kwa sababu zile zilizomfikia mbavuni na kichwani alizilipia. Lakini kufikia raundi ya nane Foreman alikuwa hana tena miguu ya kusukuma, na bondia asiye na miguu hubaki na ile robo ya mkono niliyoitaja mwanzo.

Mwisho wenyewe unafaa kutazamwa polepole. Ali alitoka kwenye kamba, kroshe ya kushoto ikakiinua kichwa cha Foreman na kukigeuza, na mara moja ngumi iliyonyooka ya kulia ikamfikia usoni kabla shingo haijajipanga. Ngumi usiyoitazamia hukukuta misuli ya shingo imelegea. Kichwa basi hupokea pigo kama kitu cha kilo nne na nusu kilichoachwa peke yake, badala ya kitu kilichoshikamana na mabega.

Kuhusu Kalambay, Baba, wengi hawamjui, na hilo linaniuma. Sumbu Kalambay alizaliwa mwaka 1956 katika mji huu, ungali ukiitwa Élisabethville, akaenda kuishi Italia, na tarehe 23 Oktoba 1987, mjini Livorno, akamshinda bondia Mmarekani Iran Barkley na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa kati wa WBA, Chama cha Ndondi Duniani. Machi 1988 akamshinda Mike McCallum, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu. Hakusifika kwa ngumi ya kuzimisha. Alisifika kwa mkono wa mbele ulionyooka, na huo ndio mkono ambao vijana wetu wanaudharau. Ngumi ya mkono wa mbele ina njia fupi, kwa hiyo kani yake ni ndogo kuliko ya nyuma, lakini inafika kabla haijaonekana, inamzuia mpinzani asipande miguu yake chini, na asiyepanda miguu hawezi kupiga kwa uzito. Hata yeye fizikia haikumhurumia: Machi 1989, huko Las Vegas, Michael Nunn, anayesimama mkono wa kulia mbele, alimzimisha kwa ngumi moja ya kushoto katika sekunde ya 88 ya raundi ya kwanza.

Kwa nini aliyepigwa ubavuni husimama kidogo ndipo aanguke? (Msomaji wa Kampemba)

Unazungumzia ini, ambalo liko upande wa kulia chini ya mbavu za mwisho. Kroshe ya kushoto ikiingia hapo kiwiko cha mpinzani kikiwa juu, ini hubanwa ghafla, neva zake huchochewa, shinikizo la damu hushuka, na miguu hukataa kumbeba mtu ingawa akili yake iko timamu. Mwitikio huo wa neva huchukua kama sekunde moja hivi, ndiyo maana anasimama kwanza. Kinga yake ni kiwiko kilichobana ubavu, na kutoa pumzi fupi kila unapopiga na kila unapoona unapigwa, meno yakiwa yamefungwa. Pumzi hiyo hukaza misuli ya tumbo. Anayepigwa wakati anavuta hewa hana ukuta.

Tunacheza ndondi za mateke hapa Likasi. Wenzangu wanajipiga muundi kwa chupa na fimbo ili uwe mgumu. Nami nifanye hivyo?

Usifanye, mdogo wangu. Ni kweli kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba; Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliandika hayo mwaka 1892. Lakini mfupa hujengwa kwa mzigo wa kadiri unaorudiwa kwa miezi na miaka, pamoja na kupumzika na kula vizuri. Chupa huumiza utando unaoufunika mfupa, na kuitia ngozi ganzi si sawa na kuuimarisha mfupa. Piga gunia zito lisilo na mawe ndani, ongeza kidogokidogo.

Mguu mzima una takribani asilimia 16 ya uzito wa mwili, mkono asilimia 5 tu. Teke hubeba tungamo mara tatu. Kwa hiyo anayelitoa yuko hatarini pamoja na anayelipokea. Desemba 2013, katika pambano la mapigano mseto, Anderson Silva alimpiga Chris Weidman teke la chini, Weidman akalikinga kwa goti, na muundi wa Silva ukavunjika. Aprili 2021 Weidman huyohuyo alimpiga Uriah Hall teke, Hall akalikinga, na muundi wa Weidman ukavunjika vilevile. Muundi ni mwembamba kuelekea kifundo cha mguu na mnene karibu na goti. Anayekinga huinua sehemu nene, anayepiga bila mpango hufika kwa sehemu nyembamba. Piga kwa katikati ya muundi, usipige kwa wayo wenye mifupa midogo 26, tanguliza ngumi ili mpinzani asipate nafasi ya kuinua goti, na uzungushe mguu unaosimamia hadi kisigino kimtazame yeye. Kisigino kisipozunguka, nyonga haifunguki, na goti la mguu uliosimama ndilo linalopindwa.

Mimi ni msichana wa Kipushi, nimeanza ndondi. Baada ya kupiga gunia, mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo umevimba na unauma nikifunga ngumi. Nimekosea wapi?

Mdogo wangu, umefika kwenye gunia kwa upande wa nje wa ngumi. Mifupa ya kiganja iliyo chini ya kidole cha shahada na cha kati imeshikamana imara na mifupa ya kifundo cha mkono, nayo iko karibu katika mstari mmoja na mfupa wa mkono ulio kati ya kiwiko na kifundo. Ile iliyo chini ya kidole cha pete na kidole kidogo huchezacheza, na ndiyo inayovunjika shingoni mwake kwa wanaopiga bila mafunzo. Kosa hilo hutokea hasa ngumi inapopinda, kwa sababu kiwiko kikibaki chini wakati mkono unakuja kutoka pembeni, vidole vya nje hutangulia. Inua kiwiko hadi usawa wa ngumi katika kroshe. Katika ngumi iliyonyooka, hakikisha ukitazama kutoka juu kwamba mfupa wa kidole cha kati uko kwenye mstari mmoja na kiwiko. Funga bendeji mara kadhaa kwenye kifundo kwanza, kisha juu ya mifupa ya kiganja, ngumi ikiwa imefunguliwa vidole vimetanuka, ili ukiikunja bendeji ikaze bila kuzuia damu.

Hayo ni ya baadaye. Kwa sasa kunja vidole vyako polepole ukitazama kucha: kidole kidogo kikielekea kupanda juu ya cha pete, au fundo la mfupa wake likiwa limezama kuliko la mkono wa pili, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfupa umevunjika. Hata usipoona hayo, uvimbe na maumivu ya hapo vinatosha kukupeleka kupigwa picha ya eksirei wiki hii, kwa kuwa mfupa wa kiganja huanza kuunga mapema, na ukiunga umepinda, kidole hakitarudi mahali pake bila upasuaji.